Mteja anayebaki ufukweni ana thamani gani?

Na Mwandishi Wetu

WIKI hii ukurasa huu unaweka kando bei za karafuu, mwani na pweza, na kutazama bidhaa nyingine ya bahari ambayo haipimwi kwa kilo. Bidhaa hiyo ni elimu. Mwambao wetu, kuanzia Watamu hadi Mafia, una vituo vinavyomtoza mgeni kiingilio ili aonyeshwe na kuelezwa maisha ya bahari, na vingi kati yake si mali ya makampuni makubwa.

Mfano ni bwawa la kasa la Mnarani huko Nungwi, lililoanzishwa na wanakijiji mwaka 1993. Upo pia mradi wa Watamu, ulioanza 1997 kwa kulinda viota vya kasa na ambao leo una kituo cha tiba ya kasa na chumba cha maelezo kwa wageni. Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar, kiliingia mikononi mwa kampuni binafsi na matumbawe yake yakatangazwa hifadhi mwaka 1994. Fedha za watalii ndizo zinazosaidia kuwapeleka huko wanafunzi wa Unguja kujifunza. Kina mama wa Wasini wana njia yao ya mbao katika bustani ya matumbawe makavu, na Mida na Jozani zina njia za mbao ndani ya mikoko.

Kinachomvutia mwekezaji mdogo katika biashara hii ni kwamba mtaji wa kuanzia si mkubwa. Kikundi chenye boti moja na nahodha anayejua kusimulia kinaweza kuingia sokoni bila kupitia benki. Hata hivyo, katika hesabu za vituo vingi kuna mteja mmoja ambaye hatajwi popote. Anafika hadi ufukweni, ametumia kiti cha magurudumu au mkongojo, au ni mtu mzima tu ambaye magoti yamechoka. Anawatazama wenzake wakitembea majini kuifuata boti, kisha anatafuta kivuli cha kukaa.

Wenye vituo wengi humhesabu mteja huyu kama tiketi moja iliyopotea. Hesabu hiyo ina kasoro, na ndiyo sababu ya makala haya.

Chukua mfano wa familia ya watu sita inayotoka Moshi kwenda pwani wakati wa likizo ya Desemba. Miongoni mwao yumo bibi ambaye hawezi kuinua mguu kuvuka ubavu wa boti. Tuseme boti na kiingilio kwa pamoja ni sh. 30,000 kwa kichwa. Mwenye kituo atajiambia kuwa bibi akibaki, yeye amepoteza sh. 30,000. Lakini ni mjukuu gani atakayemwacha bibi yake ufukweni kutwa nzima, peke yake, katika mji asioujua? Familia itatafuta mahali pa kuingia wote. Iliyopotea ni sh. 180,000, ukiacha samaki wa kukaanga, madafu na kanga ambazo wangenunua wakirudi garini. Na mwenye kituo hataiona hasara hiyo katika daftari lake, kwa kuwa familia ile haikufika mlangoni kabisa. Iliuliza kwa simu tu.

Wateja wa aina hii si wachache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kuwa watu wapatao bilioni 1.3 wanaishi na ulemavu wa kiwango kikubwa, sawa na mtu mmoja katika kila sita. Hapa kwetu takwimu zinachekesha kidogo. Sensa ya Kenya ya 2019 ilipata asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka mitano na kuendelea, na sensa ya Tanzania ya 2022 ikapata asilimia 11.2 ya wenye miaka saba na kuendelea. Majirani wanaokula ugali ule ule hawawezi kutofautiana kiasi hicho kwa afya; wametofautiana kwa namna ya kuuliza. Kwa mfanyabiashara, tarakimu ya kubwa ndiyo salama zaidi kupangia, maana bibi wa Moshi hajioni kuwa mlemavu na hatajiandikisha popote. Yeye anasema ni uzee.

Kwa upande wa wageni wa nje, utafiti wa soko wa shirika la Marekani la Open Doors, uliotolewa 2020, ulikadiria kuwa Wamarekani watu wazima wenye ulemavu walitumia dola bilioni 58.7 katika safari zao za 2018 na 2019. Sehemu ndogo sana ya fedha hizo hufika pwani ya Afrika Mashariki.

Bahari haingoji mteremko

Wataalamu wa majengo wana kanuni inayotumika karibu dunia nzima: kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia ya kiti cha magurudumu iwe na urefu wa sentimita 12. Mlangoni pa ofisi hilo halina tatizo. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinafanya sentimita 45, na mteremko wake ni mita 5.4. Seremala yeyote anaweza kupiga hesabu hiyo na kukupa bei siku hiyo hiyo.

Pwani, kinachopanda na kushuka ni maji yenyewe. Wakati wa bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika sehemu zetu hukaribia mita 4. Zidisha kwa 12 upate mita 48 za daraja kutoka gatini hadi kwenye boti, na hapo bado hujahesabu jinsi gati lenyewe lilivyoinuka juu ya maji. Hakuna kikundi cha kijiji kitakachojenga kitu hicho.

Hata Wamarekani, wenye sheria kali ya haki za wenye ulemavu tangu 1990 ambayo inawabana pia wafanyabiashara binafsi, waliona bahari haibishani na kanuni. Viwango vyao vya 2010 vinasema daraja la kushukia kwenye gati linaloelea halilazimiki kuzidi futi 80, yaani kama mita 24, hata kama mteremko utabaki mkali. Kwa maegesho madogo yenye nafasi chini ya 25 za boti, futi 30 zinatosha. Ni busara ambayo wakaguzi wetu wangefaa kuiga: sheria inadai jitihada inayopimika, bila kumlazimisha mtu afunge duka.

Mwekezaji mdogo ana silaha nyingine ambayo haimgharimu hata shilingi, nayo ni kalenda. Mvuvi yeyote anajua kuwa wiki mbili hazina bamvua zote. Katika siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa hushuka hadi mita moja na kidogo. Tukisema mita 1.25, mteremko unaotakiwa ni mita 15, na kitu cha urefu huo kinawezekana. Isitoshe, siku za bamvua katika pwani yetu maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati ule ule ambapo mabasi ya watalii yanafika. Mgeni anashushwa penye mamia ya mita za matope, mawe na urchini, na boti inaonekana mbali kama kidoa. Akija saa tisa alasiri siku hiyo hiyo, maji yako karibu na mchanga mkavu.

Kwa hiyo swali la kwanza la mteja anayepiga simu na kusema ana mgonjwa wa miguu lisijibiwe kwa "tutambeba". Lijibiwe kwa tarehe na saa. Jedwali la maji hutolewa kila mwaka na mamlaka za bandari, na nahodha wako pengine analo kichwani. Kituo kinachopanga wageni wake wazito kutembea siku za maji mafu, na vijana wa shule siku za bamvua ili waone matumbawe yakiwa wazi, kimepata mteremko bila kununua ubao.

Kuhusu kubebwa

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenye boti hawatalipenda. Mabaharia wetu wana nguvu na ukarimu, na desturi ya kumbeba mgeni mabegani hadi botini imeleta sifa nyingi na picha nyingi. Lakini ukarimu haufanyi kazi ya vifaa. Mtu mzima mwenye kilo 90, mawimbi ya kusi, na baharia aliyekanyaga jiwe lenye ukoka wa bahari: siku moja wataanguka wote. Kituo kisicho na bima hakitaamka tena. Zaidi ya hayo, wapo watu wengi, hasa wanawake wa kwetu, ambao hawatakubali kushikwa na vijana wasiowajua, na watakwambia wamechoka tu, wangependa kukaa kivulini.

Kifaa chenyewe hakihitaji kiwanda. Benchi imara lenye kimo sawa na ubavu wa boti humwezesha mtu kuketi, kuhamisha miguu yake mwenyewe na kuingia. Mbao zilizounganishwa kwa kamba, zinazokunjwa kama mkeka, hupita juu ya mchanga laini ambao magurudumu membamba hayawezi kuupita. Viti vyenye magurudumu manene ya mpira, vilivyotengenezwa kwa ajili ya ufukweni, ni vya gharama, na ushauri wangu ni kwamba kimoja kinunuliwe na umoja wa wenye boti wote wa ufukwe na kukodishwa, kuliko kila mtu kukopa cha kwake.

Boti za kioo za Malindi, Watamu na Mombasa zinastahili kutajwa peke yake. Zilibuniwa kwa ajili ya mtu asiyeogelea, na kwa hiyo humwonyesha bahari hata asiyeweza kutembea: akishaketi, anaona samaki na matumbawe sawa na mwenzake mwenye mapezi na miwani. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, na biashara hiyo imejengwa juu ya hifadhi hizo. Kinachokosekana ni hatua ile moja ya kuvuka ubavu. Mwenye boti anayekata mlango mdogo ubavuni, kwa kazi ya fundi anayejua usalama wa chombo, au anayeongeza benchi na mshikio, anapata soko ambalo jirani yake halioni.

Njia za mbao

Njia za mikoko zingekuwa rahisi kuliko boti, kwa kuwa hazipandi wala hazishuki. Ile ya Mida, kwenye mradi unaosaidia karo za watoto wa vijiji vinavyozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, inaning'inia na kutikisika. Watoto wanaifurahia sana, lakini mwenye mkongojo anaiogopa. Kubadili kila kitu si lazima. Mbao zilizo juu ya maji ya chumvi huoza na kuliwa na wadudu, hivyo kila mwenye njia hununua mbao upya baada ya miaka kadhaa apende asipende. Wakati huo ndio wa kupanua. Sentimita 90 zinatosha kiti kimoja kupita. Mahali pa kugeuzia panahitaji kama mita 1.5. Mbao zilazwe kukingama na mwendo, mianya isizidi milimita 13 ili gurudumu dogo la mbele lisizame, na pembeni kuwe na ukingo mdogo wa kuzuia kiti kisitumbukie. Mwenye kufanya hivyo wakati wa matengenezo ya kawaida hulipia tofauti ya mbao tu. Mwenye kusubiri hadi aamriwe na mkaguzi hulipia njia nzima mara mbili.

Hoja ya uhifadhi nayo ni nzito. Chumbe, kwa mfano, kina nyumba saba tu za wageni, zinazokinga maji ya mvua na kutumia umeme wa jua, na kinachouzwa pale ni kuwa kisiwa hakijaguswa. Kumwaga zege juu ya jiwe la matumbawe ili kupata mteremko ni kuharibu bidhaa kwa lengo la kuiuza. Kazi yoyote ndani ya maji inahitaji kibali cha mazingira, na ni haki. Ndiyo maana vifaa vinavyohamishika vinatufaa zaidi sisi kuliko majengo: vinatolewa asubuhi, vinarudishwa bandani jioni, na wakati wa kusi havipo baharini kuvunjwa.

Wasioona na wasiosikia

Kiti cha magurudumu kimechukua nafasi kubwa, kama ilivyo kawaida. Lakini mgeni asiyeona hana shida na ngazi. Shida yake ni kwamba kituo kizima kimetundikwa ukutani kama picha. Kumpa matumbawe au kasa hai ashike ni kinyume cha elimu yenyewe, na biashara ya matumbawe na kombe wakubwa inabanwa na mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini. Lakini pwani hii haijakosa wachongaji. Kasa wa mti mwenye ukubwa halisi, samaki watano wanaotofautishwa kwa mapezi, kipande cha tumbawe cha udongo wa kuchoma: hiyo ni kazi ya mafundi wa Lamu, Mombasa au Unguja, na inabaki miaka mingi. Watoto wanaoona nao watavishika kwanza kabla ya kusoma bango lolote.

Kwa wasiosikia, kituo kinaweza kuanza na kijana mmoja kutoka shule ya viziwi ya karibu, aajiriwe kuongoza wageni siku za likizo. Lugha ya alama ya Kenya na ya Tanzania si moja, na wa Ulaya ana yake, kwa hiyo maandishi mafupi na picha vitabaki vinahitajika. Gharama hapa ni mshahara, na mshahara huo unarudi pale shule za aina hiyo zinapoanza kupanga safari zao kwako.

Wakala wa Ulaya anauliza nini

Sehemu ya mwisho ndiyo yenye fedha za karibu zaidi. Tangu Julai 2018, kwa mujibu wa sheria ya Umoja wa Ulaya ya safari za jumla, kampuni inayouza safari hizo lazima imwambie mteja, kabla ya kulipa, iwapo safari inafaa kwa jumla kwa mtu mwenye shida ya kutembea, na mteja akitaka, impe maelezo kamili. Uingereza ilichukua kanuni hiyo hiyo mwaka huo. Maana yake kwetu ni kwamba wakala aliyeko Milan au Hamburg anahitaji karatasi kutoka Watamu au Nungwi. Asipoipata, ataandika kuwa safari haifai, kwa sababu hilo ndilo jibu lisilomtia hatarini. Mwaka 2021 kikatoka pia kiwango cha kimataifa cha utalii kwa watu wote, namba 21902 ya shirika la viwango la ISO, na wanunuzi wakubwa wanaweza kuanza kukinukuu katika mikataba.

Sheria za nyumbani nazo zipo. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kadiri inavyowezekana, na sheria yake ya watu wenye ulemavu ya 2003 imefuatwa na nyingine mpya ya 2025. Tanzania ina sheria ya 2010, na Zanzibar ina yake. Ukaguzi katika vituo vidogo ni wa nadra, kwa hiyo sitamtisha mtu kwa faini. Mwenye kutaka nafuu ya kodi kwa matengenezo ya namna hii amwone mhasibu wake akiwa na stakabadhi mkononi, maana masharti ya nchi hizi hayafanani.

Karatasi ya wakala haitaki maneno matamu. Inataka vipimo: kutoka maegesho hadi mapokezi ni mita ngapi na ardhi ni ya namna gani, kuna ngazi ngapi, mlango wa choo una upana wa sentimita ngapi na ndani kuna cha kushikilia au hakuna, ubavu wa boti una kimo gani, mgeni atalowa hadi wapi, siku gani, saa gani. Kama choo ni cha kuchuchumaa, andika hivyo. Jibu la "hapana" lililotolewa mapema humwacha mteja na imani ya kuuliza tena mwakani, lakini "ndiyo" ya uongo itamfanya asimulie safari yake kwa mtaa mzima.

Ningeshauri utaratibu huu wa matumizi kwa kituo chenye wageni kama 20 kwa siku: karatasi ya vipimo kwanza, kwa kuwa inagharimu utepe wa kupimia na asubuhi moja, kisha choo, ambacho kila mgeni hukitumia, kisha benchi na njia ya mbao ya kukunja, kisha sanamu za kushika. Gati linaloelea lisikopewe fedha na kituo kimoja. Hilo ni la umoja wa wenye boti, halmashauri au mamlaka ya hifadhi, na litozwe ada kwa kila chombo kinachofunga hapo.

Msimu wa kaskazi huanza kuleta wageni kuanzia Desemba, na mawakala hupanga bei zao miezi mingi kabla. Mwenye kutaka kuingia katika orodha zao apeleke karatasi yake mapema, akiambatanisha na jedwali la maji la miezi mitatu ya kwanza ya msimu.